Nilikwenda kudai mrabaha, nikarudi na mizani

Mchapishaji wangu ni rafiki yangu, na balaa lote limeanzia hapo. Angekuwa mtu baki, zamani ningekwisha kumpeleka kwa mwanasheria. Lakini utamshitaki vipi mtu aliyekuja Muheza kukuzikia mama, akalala mkekani na wafiwa wengine, na diwani yako akaipokea wakati wenzake wote Dar es Salaam wamekwambia mashairi hayauziki?

Mkataba unasema mrabaha wangu ni asilimia 10 ya bei kwa kila nakala inayouzwa. Kitabu ni shilingi 5,000, kwa hiyo changu ni 500. Hapo hata kuku wangu wanaelewa. Kinachonishinda ni makato. Nikienda ofisini kwake ananiagizia chai na chapati, anauliza machungwa mwaka huu yamezaaje, na wakati wa kuagana ananitia nauli mfukoni, nami namwombea dua mpaka mlangoni. Hesabu za mwaka zikija, naikuta nauli ile ile imeandikwa "malipo ya awali kwa mwandishi". Chapati bado sijaziona, ila kila mwaka nazitafuta.

Mwaka wa pili ukaanza kuyoyoma bila senti. Mke wangu akaanza maneno. Nikamwambia ushairi ni kazi ya heshima, tena mkoa wetu huu wa Tanga ndiko alikozaliwa Shaaban Robert.

"Shaaban Robert alikuwa karani wa forodha," akasema. "Mshahara wa serikali ulikuwa unaingia. Kwako kinaingia nini, baba?"

Basi nikakaa kuandika barua ya kudai. Na kwa kuwa kumdai rafiki kavu kavu ni utovu wa adabu, nikaitia vina:

*Salamu nakuletea, nakuombea na siha,*
*Mwaka wa pili wendea, sijaona mrabaha,*
*Watoto wanililia, nyumbani hakuna raha,*
*Nawe wanichekelea, rafiki siyo mzaha.*

Nikamtumia kwa simu. Hakuchelewa kujibu: "Malenga! Hili tunaliweka toleo la pili. Ila mstari wa pili, utao, kile kipande cha mwisho, umepungua mizani moja: silabi saba badala ya nane. Rekebisha."

Jamani! Kucheleweshewa hela nimeshazoea. Lakini kuambiwa mizani imepungua, mimi, ninayetunga tangu enzi za kusomewa redioni? Usingizi ukapaa. Nikawa nahesabu kwa vidole gizani: si-ja-o-na-m-ra-ba-ha. Nane. Nikarudia kwa mkono wa pili. Nane.

"Unahesabu hela?" mke wangu akauliza.

"Mizani."

Akajigeuzia ukutani.

Alfajiri nikapanda basi na kiroba cha machungwa, maana kwenda kudai mikono mitupu nako si uungwana. Segera, Chalinze, Kibaha, njia nzima napanga hoja. Jirani yangu wa kiti alihama.

Rafiki yangu alinipokea kwa kunikumbatia. Karatasi ya hesabu zangu alikwisha kuitandaza mezani, na kwa haki ya Mungu nadhani siku hiyo alikuwa na nia ya kulipa. Akachukua chungwa, akalimenya juu ya karatasi ile ile huku akisema, "Lakini Malenga, *mra* ni silabi moja bwana."

"Silabi moja? Hiyo *m* inajitegemea, kama ya *mtu*!"

"Unaivuta."

"Naivuta? Na mbona kwenye *mzaha* hukuona pengo? *M* ya mzaha inahesabika, ya mrabaha wangu haihesabiki?"

Maji ya chungwa yalikuwa yanatiririka kwenye safu ya jumla. Niliiona tarakimu ya kwanza ikivimba, ikafifia, ikaenda zake, wala sikujali. Mhariri akaitwa, akaogopa kusema mbele ya bosi wake. Mwisho akaitwa mlinzi wa getini, mzee wa Kipemba, akasomewa mstari. Alifumba macho, akaupigia makofi polepole.

"Nane," akasema. "Nani kasema saba?"

Rafiki yangu akainua mikono. Tukacheka, tukanywa chai, tukala chapati. Akanipa nauli. Nilirudi Muheza kifua mbele.

"Hela iko wapi?" mke wangu akauliza kabla sijavua viatu.

"Amekubali ni nane."

Alinitazama kwa kitambo. Kisha akachukua simu yangu mkononi mwangu, akaandika, akatuma, akarudi jikoni. Nikasoma: "Shemeji, lipa." Basi. Hata kina hakuna.

Kabla ugali haujaiva simu ikalia, laki na themanini imeingia. Haikupita dakika, akapiga mwenyewe.

"Malenga," akaninong'oneza, "huyu shemeji ana mswada?"