Saikolojia tuliyosomea haikutufundisha kuongea na mama wa mtoto

Katika mwaka wa pili wa shahada yangu ya elimu ya mahitaji maalum, hapa Nairobi, nilipata A katika saikolojia ya ukuaji wa mtoto. Ungeniamsha usiku wa manane ningekutajia kwa mpangilio hatua nne ambazo mwanasaikolojia Piaget alisema akili ya mtoto hupitia, na umri wa kila hatua. Miaka mitatu baadaye, katika kitengo maalum cha shule moja ya msingi kule Eastlands, mama mmoja aliketi mbele yangu huku mwanawe wa miaka sita akipanga vifuniko vya soda kando ya ukuta. Akaniuliza, "Mwalimu, kwani mtoto wangu ana nini?"

Nikamjibu kwa Kiingereza cha darasani, nilipoona haelewi nikaunga Kiswahili: mara "shida ya akili", mara "ubongo wake". Alinisikiliza kwa heshima, akanishukuru, akamshika mtoto mkono wakaenda. Wiki mbili zikapita bila mtoto kuonekana. Jirani yao ndiye aliyenieleza kwamba mama alisikia nikisema mwanawe ana wazimu, akampeleka ushago akaombewe. Hakurudi tena. Mpaka leo nikiona vifuniko vya soda namkumbuka.

Kosa lilikuwa langu, na sitamtwika mtu mwingine. Lakini nimelifikiria sana, na nimeona lilianzia wapi. Katika Kiswahili, neno "akili" hubeba mizigo miwili. Mwenye akili ni mwerevu. Aliyerukwa na akili ni mwendawazimu. Ukimwambia mzazi mtoto ana shida ya akili bila kufafanua, umemwachia achague mwenyewe, na mzazi mwenye hofu huchagua lile baya zaidi. Hilo ni jambo la saikolojia kabisa. Katika miaka minne ya chuo, hakuna mhadhiri aliyeligusa.

Ndiyo maana nasema: somo la saikolojia kwa walimu wa elimu maalum lifundishwe na litahiniwe kwa Kiswahili pia, mwanafunzi akiwa ameketi na mzazi halisi, tangu mwaka wa kwanza. Yasingojewe mazoezi ya kufundisha ya muhula mmoja mwishoni, wakati mwanafunzi anahangaika na maandalio ya somo na mkaguzi yuko mlangoni.

Najua nitajibiwa kwamba vitabu viko kwa Kiingereza na mitihani ni ya Kiingereza. Sawa. Lakini Katiba ya 2010, kifungu cha 7, imekitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza, na kifungu hicho hicho kinaitaka serikali kukuza Lugha ya Ishara ya Kenya na Breli. Sisi tulijifunza Breli, nukta sita, tukatoboa karatasi mpaka vidole vikauma, na nashukuru. Aliyeona umuhimu wa vidole vya mtoto asiyeona na auone pia umuhimu wa masikio ya mama yake.

Tena si kwamba hapa kwetu hakuna cha kufundishia. Mwaka 2001 ulichapishwa utafiti uliofanywa katika kijiji cha Waluo humu Kenya, watu wakiulizwa mtoto mwerevu ni yupi. Majibu yao yalizunguka maneno manne: rieko, luoro, winjo na paro. Rieko ni maarifa na ustadi, luoro ni heshima, winjo ni kuelewa namna ya kukabili mambo ya maisha, paro ni kujianzishia jambo. Kabla ya hapo, watafiti waliokaa na Wakipsigis walikuta neno ng'om, linalomsifu mtoto anayeaminika na kazi za nyumbani. Mimi niliyasoma haya baada ya kuhitimu, kwa bahati tu. Ningekuwa nayo siku ile ningemuuliza yule mama kwanza: nyumbani humtuma nini, naye hukifanyaje? Labda angeniambia kwamba mtoto hukusanya sahani zote bila kuvunja hata moja. Tungeanzia hapo.

Hata Vygotsky, mwanasaikolojia wa Kisovieti, tulimsoma nusu. Tulikariri lile eneo lake la ukuaji, yaani yale ambayo mtoto bado hawezi peke yake ila huyaweza akisaidiwa, tukaachwa bila kujua kwamba alifanya kazi na watoto wenye ulemavu kule Moscow, na kwamba alishikilia kuwa kinachomuumiza zaidi mtoto kama huyo ni kutengwa na maisha ya watu kuliko kasoro yenyewe ya mwili. Alifariki 1934. Mwalimu wa kitengo maalum anahitaji sentensi hiyo moja kuliko mchoro wa miduara.

Kuna na suala la majina. Kipofu, kiziwi, kiwete, kilema: tazama maneno hayo yalivyowekwa ngeli moja na kiti na kisu, kama vitu. Sasa tunasema mtu mwenye ulemavu wa macho, mtoto mwenye usonji (autism), na ni vizuri. Ila wazazi wengi ninaokutana nao hawajawahi kulisikia neno usonji. Ukilitaja tu ukanyamaza, umemtupia mzazi jiwe jipya badala ya lile la zamani. Lazima ujue kulieleza kwa mambo anayoyaona: anavyoziba masikio pale matatu ya barabarani inapopiga honi, anavyolia ukimbadilishia kikombe.

Muhula uliopita nililetewa mwanafunzi wa mazoezi, binti mtulivu. Nilimwomba aketi na shosho mmoja anayemlea mjukuu wake, asitaje jina la hali yoyote, aulize tu, "Shosho, wewe unamwonaje?" Shosho alifikiri kidogo, akasema, "Huyu masikio yake husikia kila kitu mara moja. Sisi tunachagua, yeye hawezi." Binti aliyaandika kwenye faili ya mtoto, neno kwa neno. Tangu siku hiyo, mzazi mpya akiketi pale mbele yangu, mimi huanza na maneno ya shosho.