Kilimanjaro si Montana

Moto wa Kilimanjaro wa Oktoba 2020 ulipozimwa, TANAPA, shirika la hifadhi za taifa Tanzania, ilitangaza kuwa eneo lililoungua ni kama kilomita za mraba 95. Hapo tulijua moto umefika wapi. Umeua nini, na kwa kiasi gani, ni swali jingine, na siku hizi mwenye kompyuta na QGIS, programu ya ramani, hulijibu kwa mchana mmoja. Anapakua picha mbili za setelaiti ya Sentinel-2, ya kabla na ya baada. Katika kikokotoo cha rasta, yaani cha picha za pikseli, anatoa bendi ya 12 (infraredi ya mawimbi mafupi) kwenye bendi ya 8A (infraredi ya karibu), anagawanya kwa jumla ya hizo mbili, anapata NBR, kipimo cha uunguaji. NBR ya kabla ukiitoa ya baada, hiyo ndiyo dNBR. Majani mabichi huakisi sana infraredi ya karibu, majivu na udongo mtupu huakisi zaidi ile ya mawimbi mafupi, basi tofauti ikiwa kubwa hudhaniwa na madhara ni makubwa.

Njia hii ina sifa zake. Picha ni za bure, na watu wawili wakitumia picha zilezile watapata jibu lilelile. Na nani atazunguka makorongo yote yaliyo juu ya mita 3,000 kwa miguu?

Taabu inaanza pale ramani inapopakwa rangi. Mipaka ya rangi hizo, yaani 0.1, 0.27, 0.44 na 0.66, hunakiliwa kama ilivyo kutoka jedwali la watafiti Carl Key na Nate Benson, waliojengea kazi yao kwenye misitu ya misonobari na jamii zake kule Montana, Marekani. Wenyewe waliambatanisha na jedwali hilo utaratibu wa kwenda kukagua ardhini. Tumechukua namba, utaratibu tukauacha.

Tufanye hesabu ya mfano. Kiwanja cha nyasi kilikuwa na NBR 0.20, kikaungua chote hadi udongo, kikabaki na -0.15. dNBR ni 0.35. Jirani yake ni kichaka kizito cha erika (miti midogo ya juu mlimani), kilichoshuka kutoka 0.70 hadi 0.10, na dNBR yake ni 0.60. Kwa jedwali la Montana, nyasi zimeungua kwa wastani wa chini na erika kwa wastani wa juu, ingawa kwenye nyasi hakikubaki hata kijiti. Nyasi hazikuwa na kijani cha kutosha cha kupoteza, ndiyo maana. Watafiti Miller na Thode walilitibu hilo mwaka 2007: gawanya dNBR kwa kipeuo cha pili cha NBR ya kabla. Sasa nyasi zinapata 0.78, erika 0.72. Mpangilio umegeuka!

Hesabu imenyooka, lakini je, mlima umeelezwa? Nyasi zitachipua mvua za vuli zikishika. Erika itachukua miaka mingi, na ndiyo inayokamata maji ya ukungu huko juu. Mtafiti wa mimea Andreas Hemp ameandika kwa kirefu jinsi moto ulivyoushusha mpaka wa juu wa msitu wa Kilimanjaro. Kwa anayetegemea mfereji kule chini, hasara kubwa iko kwenye erika. Fahirisi ya kwanza, dNBR, ilimpa jibu hilo kwa bahati tu; ya pili, ya Miller na Thode, ikamnyima.

Ndiyo maana namtetea askari wa hifadhi anayeonekana mkaidi akisema ramani isubiri hadi akakwangue magome aone kama ndani bado kuna ubichi. Wanaompinga hutaja gharama. Lakini hakuna anayetaka mlima mzima ukaguliwe. Viwanja thelathini au arobaini vilivyochaguliwa vizuri, kila kimoja kikipita upana wa pikseli ya mita 20, vinatosha kupata mipaka yetu wenyewe.

Tena vikaguliwe mapema. Mawingu ya vuli yakikulazimisha kusubiri picha ya Januari, nyasi zitakuwa zimeshachipua na dNBR imeshuka, na ramani itaonyesha nafuu mahali ambapo vigogo vya erika bado vimesimama vikiwa makaa.