Bei ya sauti haipimwi kwa sekunde, na Kigoma siyo punguzo

Mimi kazi yangu ni kurekodi sauti za matangazo, na kuna sentensi ya wateja nikiisikia tu kichwa kinapata moto: "Broo ni katangazo kadogo tu, sekunde 30." Ikifuatiwa na "halafu wewe si uko Kigoma, maisha huko rahisi", hapo ndo tunaanza kutoelewana kabisa.

Maisha rahisi ya wapi jamani? Maiki ya kurekodia nimeagiza Kariakoo kwa bei ileile anayonunulia mtu wa Sinza, tena mimi nikaongeza gharama ya mzigo kusafiri zaidi ya kilomita 1,200 mpaka huku mwisho wa reli. Bando ni lilelile. Kitu ambacho kweli tunawazidi watu wa Dar ni mgebuka, na mgebuka haurekodi.

Na hiyo sekunde 30 yenyewe watu hawajui inapikwaje. Unapokea skripti, unakuta imetafsiriwa ovyo, unainyoosha (bure!), unampigia mteja akuambie jina la bidhaa yake linatamkwaje, unasubiri majirani walale maana mchana kuna jogoo, bodaboda na watoto, na kuanzia Novemba hivi mvua ikianza kupiga bati ndo usahau, unakaa na blanketi zako ukutani za kuzuia mwangwi unasubiri anga litulie. Ukishasoma mara nane tisa unachagua iliyokaa vizuri, unaondoa sauti za pumzi, unasafisha kelele, unasawazisha sauti, unatuma. Halafu bosi anajibu "iko poa ila ongeza uchangamfu kidogo", unarudi tena kwenye blanketi. Kazi za vitabu vya kusikiliza ndo kabisa, ACX kwa mfano (soko la vitabu vya kusikiliza la Amazon) wanataka kelele za chumba zisivuke hasi 60 desibeli, yaani karibu kimya kabisa, sasa hiyo kwa nyumba ya bati mwezi wa kwanza ni usiku wa manane tu. Saa moja ya sauti iliyokamilika inaweza kula siku yako nzima.

Kwa hiyo mimi hesabu naianzia nyumbani. Tuseme unataka ubaki na laki nane kwa mwezi, na laki mbili nyingine ya bando, umeme na kuweka akiba vifaa visije vikafa ukabaki unashangaa. Hiyo milioni. Saa za kulipwa kweli ukitoa kutafuta wateja na kuchati WhatsApp tuseme hamsini, basi saa yako ni elfu ishirini. Tangazo likikula saa tatu ni elfu sitini, na hiyo ni jasho tu, hatujagusa matumizi ya sauti yenyewe, yaani itasikika wapi na kwa muda gani.

Matumizi ndo penyewe na ndo hapa wengi tunaliwa. Ni kama kupangisha chumba, mpangaji analipia miezi anayokaa, haulizi ulijenga kwa siku ngapi. Sauti ikienda kwenye gari la matangazo linalozunguka Mwanga na Ujiji wiki moja, sawa, chukua jasho lako na kidogo juu. Ikienda redio na tivi nchi nzima mwaka mzima, hiyo ni bei nyingine kabisa hata kama skripti ni ileile neno kwa neno. Kuna kampuni (siitaji) iliwahi kunilipa ya mitandaoni tu, nikaja kujisikia redioni, kuuliza naambiwa "si ni sauti ileile?" Sasa hivi naandika kabisa kwenye invoisi: itatumika wapi, mpaka lini, wakiongeza wanalipa tena.

Wateja wa nje wanaolipa kwa neno nao uwe nao makini. Kiswahili kinabana sentensi nzima kwenye neno moja, kwa hiyo skripti ya Kiingereza ya maneno 300 ikija kwetu maneno yanapungua lakini dakika hazipungui. Omba ulipwe kwa dakika iliyokamilika, au kwa maneno ya skripti ya Kiingereza.

Sisemi wote tuwachaje sawa. Mama lishe wa Kibirizi anataka tangazo la sekunde 15 nampa bei ya mtaani na roho safi, matangazo ya msiba sichukui hata mia. Ila kampuni yenye bajeti ya mabango nchi nzima kuja kulia njaa kwangu, hapana kwa kweli.

La mwisho, na hili ni jipya kidogo, kabla hujasaini soma kama kuna kipengele cha kutumia rekodi zako kufundishia mashine iongee kwa sauti yako. Kama kipo na bei ni ya tangazo, kataa au wakifute. Mengine ni yaleyale ya kila kazi: nusu advansi, marekebisho mawili bure, la tatu linalipiwa, na wakisema wanakata kodi ya zuio asilimia 5 wakupe cheti chake, siyo kukata kwa mdomo tu.