Usiniambie Unaelimisha Jamii

Hivi karibuni nilikalia kiti ambacho mtu mwenye akili timamu hukikwepa, yaani kiti cha kamati ya kuchambua maombi. Vikundi vya vijana kutoka pande mbalimbali za Uganda vilikuwa vimeomba msaada mdogo wa fedha ili vichapishe vijarida vya Kiswahili, na fomu ilivitaka vieleze, kwa maneno yasiyozidi 50, kijarida chao ni cha nini na ni cha nani. Majibu yalikuja kama yametoka kwenye mashine moja ya fotokopi: kuelimisha, kuburudisha na kuhabarisha jamii, kukuza lugha ya Kiswahili, kuleta maendeleo endelevu, kuwawezesha vijana na wanawake. Nilipofika katikati ya rundo nilikuwa siwezi tena kutofautisha kijarida cha Arua na kijarida cha Mbarara, ingawa kila anayeijua nchi hii anajua kwamba Kiswahili cha Arua, mji wa Wanubi na wa biashara na Kongo, hakina historia moja na Kiswahili cha Mbarara, ambacho kwa muda mrefu kimekaa zaidi ndani ya kambi ya jeshi.

Kisha likaja ombi kutoka Malaba, mji wa mpakani mwa Uganda na Kenya, lililoandikwa kwa mkono na kutiwa sahihi na dada mmoja kwa niaba ya wenzake. Lilisema hivi: "Tunawaandikia akina mama wanaovuka mpaka na mizigo midogo. Tunaandika bei za mahindi na maharagwe za pande zote mbili, karatasi zinazotakiwa forodhani, na la kufanya mzigo wako ukizuiliwa. Siasa hatuandiki. Mashairi hatuandiki." Basi, hakuna zaidi. Mimi ni mpenzi wa mashairi, na bado nilitamani kusimama nimpigie makofi. Mjumbe mwenzangu, mtu ninayemheshimu sana, alivua miwani akasema, "Mwalimu, hili ni finyu mno. Tuwarudishie walipanue." Wajumbe wengine wakatikisa vichwa kuafiki, na ombi pekee lililoeleweka likapewa alama za chini kwa kosa la kueleweka.

Tangu siku hiyo sijatulia, na ndiyo maana naandika.

Utatu huo wa kuelimisha, kuburudisha na kuhabarisha tunaounukuu kama aya ya kitabu kitakatifu ni vazi la BBC tangu enzi za John Reith, mkurugenzi mkuu wake wa kwanza, na lilimfaa mwenyewe. Lile lilikuwa shirika lililopewa ukiritimba wa mawimbi ya nchi nzima na kuendeshwa kwa ada ya kila nyumba yenye redio, kwa hiyo lilikuwa na haki ya kusema kwamba linamhudumia kila mtu, maana kila mtu alikuwa akililipia. Kikundi cha vijana wachache wenye kompyuta moja isiyo na betri, wanaongoja umeme urudi ndipo wamalize ukurasa wa pili, kinapojitangazia kazi hiyo hiyo kwa maneno hayo hayo, huwa kimeahidi jambo ambalo hakuna atakayekidai, na nashuku kwamba hiyo ndiyo raha yake. Ukisema utaelimisha jamii, hakuna mwanajamii atakayekuja mlangoni kulalamika kwamba hakuelimishwa.

Mwandishi wa Malaba hana maficho ya namna hiyo. Mwezi Machi 2021 Kenya ilipiga marufuku mahindi kutoka Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu, ile sumu ya ukungu wa nafaka, na siku chache baadaye ikalegeza kwa masharti, miongoni mwake kwamba mwagizaji ajisajili na mzigo uwe na cheti kinachoonyesha kuwa sumukuvu haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Fikiria mama mwenye magunia yake machache yaliyokwisha kupakiwa, ambaye lugha anayosikilizana nayo na mteja wa upande wa pili ni Kiswahili, na habari zote za masharti hayo zinazunguka kwa Kiingereza cha ofisini. Au chukua jambo la kila siku: Jumuiya ya Afrika Mashariki inao utaratibu uliorahisishwa kwa bidhaa zilizozalishwa katika nchi wanachama ambazo thamani yake haizidi dola 2,000, na mwenye mzigo hupatiwa cheti cha asili ya bidhaa pale pale mpakani, asitozwe ushuru wa forodha. Asiyelijua hilo humlipa dalali amfanyie lile ambalo angelifanya mwenyewe, au hupita njia za panya usiku, akaishia kupoteza mzigo kwa kuukimbia ushuru ambao hakudaiwa. Kijarida kinachojua kwamba kiliandikwa kwa ajili ya mama huyo kinajua kesho kichapishe nini; mhariri wake hahitaji kikao. Kijarida cha kuelimisha jamii, kwa upande wake, kitachapisha picha ya mgeni rasmi akikata utepe, kwa kuwa mgeni rasmi naye ni jamii.

Ndiyo maana naona kwamba sehemu iliyokuwa na thamani kubwa katika maneno yale machache ni ile iliyowaudhi wenzangu zaidi, yaani "siasa hatuandiki, mashairi hatuandiki". Kumtaja msomaji ni rahisi, hata mwongo anaweza. Kutaja unachokiacha ndiko kunakogharimu, kwa sababu siku mwanasiasa wa wilaya atakapokuja na bahasha akitaka ukurasa wa mbele, utakuwa na sentensi yako mwenyewe ya kumwonyesha, tena uliyoiandika kabla hujaiona bahasha.

Wala si vijana peke yao wenye ugonjwa huu. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili ya Uganda, kitakachotumika katika mazingira ambayo Bunge litayaainisha kwa sheria. Sentensi hiyo haina adui, na kwa hiyo haikuwa na haraka: mwezi Julai 2022 ndipo Baraza la Mawaziri lilipoamua kwamba kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Najua, sheria huandikwa kwa tahadhari na ina sababu zake, na sitabishana na mawakili. Nasema tu kwamba tamko lisilosema nani afanye nini hungoja sana.

Lipo pingamizi moja ambalo siwezi kulipita kimyakimya, kwa kuwa ni zito na lilizaliwa hapa hapa Kampala. Mwezi Juni 1962 walikutana Makerere waandishi ambao leo wanasomwa kote barani, wakiwamo Chinua Achebe, Wole Soyinka na Christopher Okigbo, huku Ngũgĩ wa Thiong'o akihudhuria angali mwanafunzi wa chuo hicho. Mkutano uliitwa wa waandishi wa Kiafrika wanaoandika kwa Kiingereza, na kwa maneno hayo machache Shaaban Robert, aliyekuwa ameshaandika mashairi, insha na hadithi za kutosha kujaza rafu, hakuwa na kiti. Mwezi uo huo akafariki dunia. Mtu ataniambia: huo ndio ufinyu unaousifia, umeona ulivyomtendea mkubwa wenu? Nimeona, na inauma, na sina maneno matamu ya kulifunika jambo hilo. Lakini tazama kilichofuata. Kwa kuwa jina la mkutano lilitamka waziwazi nani yumo, lilimwonyesha kila mtu nani hayumo, na mwaka 1963 Obi Wali wa Nigeria akaandika katika Transition, jarida lililoanzishwa na Rajat Neogi Kampala mwaka 1961, kwamba fasihi ya Kiafrika inayokubali kubebwa na Kiingereza na Kifaransa haina inakokwenda. Ubishi alioufungua haujafungwa mpaka leo. Mkutano ungeitwa wa kukuza fasihi na umoja wa Waafrika, Shaaban Robert angeachwa nje vilevile, ila hakuna ambaye angekuwa na sentensi ya kuishika na kuuliza kwa nini. Tamko finyu linaweza kukosea, tena vibaya, lakini hukosea hadharani, mahali ambapo mwenye hoja anaweza kulijibu.

Nakiri, bila furaha, kwamba vijana hawakujifunza kusema ovyo kwa hiari yao. Wanajua, kwa sababu wameona wenzao wakipewa na wakinyimwa, kwamba mwenye fedha hupenda kusikia neno "jamii" na kwamba "akina mama wanaovuka mpaka" huonekana kama idadi ndogo isiyopendeza katika ripoti. Kikundi kilichoandika maneno mapana huenda kilikuwa na kijarida kizuri kabisa kichwani na kikakificha ili kipate pesa ya wino. Sitamlaumu mtu kwa kutaka pesa ya wino. Lakini tuwe wakweli juu ya nani anayewafundisha tabia hiyo: ni sisi tunaokaa mezani na kalamu nyekundu, tunaoandika "panueni" pembezoni mwa jibu ambalo tungepaswa kulinakili na kuwapelekea wengine kama mfano.

Kwa hiyo nimewasilisha pendekezo kwamba fomu iongezewe mstari mmoja: "Tajeni mambo mtakayoombwa kuyachapisha, nanyi mtakataa." Pia nimeomba kiwango cha maneno kipunguzwe, na neno "jamii" lisikubaliwe isipokuwa mwandishi ataje ni jamii ipi, inakaa wapi na hununua chumvi duka gani. Hilo la chumvi wamelicheka. Mjumbe mwenzangu ameniambia kwa upole kwamba swali la kukataa litawatisha waombaji, nami nimemjibu kwamba aliyejaza fomu ya Malaba alilijibu kabla hatujamwuliza. Tumekubaliana kulijadili tena katika kikao kijacho. Hadi hapo, alama nilizompa sizipunguzi.