Kuku wa uani ni wa mtaa mzima

Nilianza na matetea kumi na jogoo mmoja. Hesabu nilikuwa nimeshaipiga usiku, kitandani, kwa msaada wa bwana mmoja wa semina aliyeingizwa kwenye kundi letu la WhatsApp. Kila mtetea ataatamia mara nne kwa mwaka, kila mara atatotoa vifaranga kumi, na matetea ni kumi. Vifaranga mia nne. Nililala tajiri.

Wa kwanza kuatamia alikuwa mtetea mwekundu, kishingo, mkali kama mama mkwe. Nilimwekea mayai kumi na mawili. Siku ya ishirini na moja akatotoa vifaranga tisa, mayai matatu yakawa viza. Siku ya tatu kunguru wakachukua wawili mbele ya macho yangu, ufagio ukiwa mkononi. Wiki ilipoisha walikuwa wamebaki wanne. Mvua ya masika ikaingia bandani, maranda yakalowa, wawili wakaharisha damu wakafa. Kati ya wawili waliobaki, mmoja akaja kuwa jogoo.

Sisemi watu wasifuge. Mimi bado nafuga, na asubuhi nisiposikia vurugu za bandani naona kama nyumba ina msiba. Ninachokataa ni ile picha tunayouziwa, ya mtu mmoja na banda lake na faida yake. Kwa aliyejenga banda la kuku elfu moja, lenye wavu, mlango wa kufuli na beseni la dawa ya kukanyaga, picha hiyo huenda ina ukweli. Kwa sisi wa kuku kumi au kumi na tano uani, huku mwisho wa lami nje kidogo ya Dar es Salaam, kila shida niliyowahi kuipata na hawa ndege ilianzia nje ya uzio wangu au iliishia huko.

Chukua kunguru. Wazee wa pwani wanamwita kunguru wa Zanzibar, na hawakosei. Asili yake ni bara Hindi, akaletwa Zanzibar miaka ya 1890, Waingereza wakitawala, ili ale takataka za mji. Alikula takataka, akala na mayai ya ndege wengine, akavuka bahari. Leo ukiwa na vifaranga Dar es Salaam, adui wako wa mchana ndiye huyo. Mwewe anakuja mara mojamoja, anachukua chake, anaondoka. Kunguru anakaa juu ya bati siku nzima anakuhesabia.

Nilijaribu kila kitu. Kanda za kaseti zilizotundikwa zimetemete juani, walizizoea kwa siku nne. Jirani yangu, bibi mmoja anayesuka mikeka, alinipa rangi ya ukili akaniambia niwapake vifaranga zambarau. Nikawapaka. Uani pakawa kama pana harusi, watoto wa mtaa wakajaa kuja kutazama, na kunguru kweli waliwaogopa kwa siku kadhaa. Ila siku niliyofumbuka macho ni niliyosimama nikafuata kunguru wanatoka wapi. Walikuwa wanatoka jalalani, nyumba ya sita kutoka kwangu, ambako mtaa mzima tunamwaga utumbo wa samaki na makombo. Tunawalisha wenyewe, wakishiba wanakuja kwangu kumalizia na nyama. Hapo ufagio wangu ungesaidia nini?

Au chukua jogoo. Wahenga walisema jogoo la shamba haliwiki mjini. Hawakumfahamu wangu. Tulimwita Mwenyekiti, kwa sababu alikuwa anaongea sana na hafanyi kazi. Anawika jogoo la kwanza, la pili, anawika taa ya barazani ikiwashwa, anawika bodaboda ikipita saa nane usiku. Nyumba ya nyuma anaishi mlinzi wa usiku, anarudi asubuhi kutafuta usingizi, na Mwenyekiti hakuwa na habari kwamba kuna watu wanaolala mchana. Juu ya hayo, matetea walikuwa wanapita chini ya uzio kwenda kuchakura tuta lake la mchicha. Mwana wa kuku hafunzwi kuchakura, na hakuna atakayemfundisha kuacha.

Kesi ilifika kwa mjumbe. Nilitegemea faini, nikapewa kazi: kila mwezi nimpelekee jirani gunia la mbolea ya bandani, iliyokaa ikapoa, aweke kwenye matuta. Mchicha wake sasa una majani kama viganja, na mimi ndiye mteja wake. Mwenyekiti tulimla Idi. Nimeongeza jogoo mwingine ambaye, namshukuru Mungu, ni mvivu hata wa kuwika.

Utitiri, bei ya mashudu ya alizeti, dagaa wanaouzwa nusu wakiwa mchanga, kuku anayekula mayai yake mwenyewe, hayo yapo na kila mfugaji anayajua. Yanaudhi tu. Kinachofuta banda zima ni kideri.

Kitaalamu kinaitwa Newcastle, kwa jina la mji wa Uingereza ambako kilitambuliwa mwaka 1926, ingawa mwaka huohuo kilielezwa pia Java, kisiwa cha Indonesia. Sisi tuna majina yetu, kideri au mdondo, na hilo la pili linatosha kukueleza kinavyofanya kazi. Jioni kuku anasinzia, mabawa yamelegea. Asubuhi kinyesi ni kijani, wengine shingo imejinyonga wanaangalia mgongoni. Baada ya siku chache unazoa. Kwa kuku wasiochanjwa kinaweza kisibakize hata mmoja, na hakina dawa. Nimeona watu wakikamua shubiri, wakitwanga mwarobaini na pilipili kichaa, na mimi nimetwanga. Kuku waliopona wangepona, waliokufa walikufa wakiwa na midomo inawasha.

Tangu utotoni tuliambiwa kideri ni upepo wa kiangazi. Kinakuja tu, kama vumbi. Niliiamini habari hiyo mpaka nilipokuwa upepo mimi mwenyewe.

Ilikuwa Desemba. Nilikuwa nakwenda Singida kwa shangazi, na kichwani nilikuwa na wazo zuri la kumpelekea jogoo wa kuchi, mrefu, shingo ya askari, akaboreshe mbegu. Kumpelekea mtu wa Singida kuku ni kama kumpelekea mtu wa Mafia samaki, lakini kuchi alikuwa kuchi kweli. Siku mbili kabla ya safari mtetea wangu mmoja alikufa. Nikasema amekula kitu kibaya. Jogoo alikuwa mzima, anakula, macho makavu. Nikamweka kwenye tenga, tukapanda basi, karibu kilomita 700, yeye chini ya kiti na mimi juu.

Virusi vya kideri huweza kukaa ndani ya kuku siku kadhaa kabla hujaona dalili yoyote. Hilo nililisoma baadaye. Jogoo alianza kusinzia siku ya nne akiwa kwa shangazi, nami nilikuwa bado huko, nakula pilau. Nilipoondoka alikuwa ameshakufa. Wiki ya pili ya Januari shangazi akapiga simu: uani kwake amebaki bata tu, na nyumba mbili za jirani wameanza. Nikamwambia pole, shangazi, ni upepo huo. Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Upepo wa mwaka huu, mwanangu, ulipanda basi."

Hakunilaumu zaidi ya hapo, na hilo ndilo lililonikaa rohoni. Wale kuku ndio walikuwa daftari la watoto, dawa ya mgonjwa, kitoweo cha mgeni. Na niseme ukweli mwingine: mtaani kwangu, kuku walipoanza kufa baada ya mimi kurudi, wenzangu walikimbilia kuuza sokoni waliokuwa bado wanasimama. Nami niliuza wawili. Kila aliyenunua alibeba kideri kwenda nacho kwake. Tunasema kufa kufaana, lakini biashara hii haimfai yeyote.

Chanjo ipo, na si ya kitajiri. Ile ya tone inayoitwa I-2 inatengenezwa hapahapa nchini, Kibaha, na sifa yake ni kwamba inavumilia joto kuliko chanjo za zamani, kwa hiyo hata asiye na friji anaweza kuifikisha nyumbani ikiwa hai, mradi asiianike juani. Tone moja kwenye jicho moja, unasubiri kuku apepese, basi. Unarudia kila baada ya miezi mitatu. Hata mtoto wa darasa la nne anaweza.

Ugumu unaanzia kwenye kichupa. Siku nilipokwenda duka la dawa za mifugo, kichupa kilichokuwepo kilikuwa cha dozi 200. Kuku wangu wakati huo walikuwa saba. Kikishafunguliwa hakiwekwi kabatini kusubiri miezi mitatu ipite. Nilichanja saba, matone mia moja tisini na kitu nikayamwaga shimoni, na wiki hiyohiyo kuku wa jirani wasiochanjwa walikuwa wakilala juu ya mwembe wangu. Ndipo nikaona upuuzi wa jambo lenyewe. Kichupa kilikuwa kimepimwa kwa ajili ya mtaa, mimi nikakinunua kama mtu binafsi.

Safari iliyofuata nilianza na daftari kabla ya duka. Nilipita nyumba kwa nyumba, hodi, shikamoo, mna kuku wangapi? Nyumba kumi na nne, kuku mia moja na sitini na kitu, bata sikuhesabu. Mchango wa kila nyumba haukufika bei ya soda. Maneno ndiyo yaliyokuwa mengi kuliko hela. Mzee mmoja alikataa kabisa: mwaka juzi alichanja, kesho yake kuku wakaanza kufa, kwa hiyo chanjo inaua. Nilimwelewa, kwa sababu ndivyo inavyoonekana. Watu wengi hukimbilia chanjo wakishaona kuku wa jirani anakufa, wakati ugonjwa umeshaingia kwao. Chanjo haiponyi aliyekwisha ambukizwa, ila inabeba lawama. Tulibishana barazani nusu saa. Akakubali kutoa watano kati ya kumi, ili aone. Nikamwambia mzee wangu, huo ndio utafiti.

Hapa ndipo nina neno na wanaotushauri. Afisa mifugo wa kata yetu ni mtu mzuri, lakini ni mmoja na pikipiki ni moja. Vipeperushi anavyogawa vinamwambia "mfugaji" achanje, ajenge banda bora, aweke kumbukumbu, kana kwamba mfugaji ni kisiwa. Mimi ningeanza na mjumbe. Shina moja, yaani nyumba za mjumbe mmoja, kichupa kimoja, jioni moja, kuku wakiwa wameshapanda kulala na huhitaji kumfukuza mtu. Kuku hawa wanachakura kwa pamoja, wanakunywa dimbwi moja, majogoo wao hawana mipaka, halafu sisi tunataka kuwatibu kila mmoja kwa uzio wake. Na yule bwana wa semina, akirudi kwenye kundi na kizidisho chake, nitamwomba aongeze safu moja tu kwenye jedwali: majirani.

Tumeshachanja mara tatu sasa. Kunguru wangali juu ya bati, jalala lingalipo, tunalijadili kila kikao na kila kikao tunaahirisha. Yule mzee amewatoa wote kumi. Shangazi ana mitetea sita ya kuanzia, na ameniambia nikienda Desemba niende mikono mitupu.

Kuna nyumba moja bado, ile yenye ukuta mrefu na geti la bluu. Nimegonga mara tatu, nimetuma ujumbe, kimya. Matone ni Jumamosi hii jioni. Leo asubuhi kuku wake wawili walikuwa uani kwangu wanakula pumba zangu, mmoja hata akataga nyuma ya pipa. Wakichelewa kurudi kwao Jumamosi nitawashika niwadondoshee na wao, halafu mwenyewe aje anidai.