Kwa nini 1 haikai kwenye kona

Mzazi wa Goma akifungua daftari la hesabu na kukuta miraba ya namba ukurasa mzima, huuliza: haya yatatoka kwenye Exetat, mtihani wa taifa wa Kongo wa kumaliza sekondari? Ana haki ya kuuliza. Minerval, yaani karo, imelipwa kwa shida, darasa limefurika, programu ni ndefu, na miezi iliyoliwa na vita hairudi. Tena wapo walimu wanaochora mraba ukiwa umeshajazwa, watoto wanaunakili na kuusahau. Saa ya namna hiyo imepotea kweli.

Mraba ukiachwa mtupu, habari ni nyingine. Kazi ni kupanga 1 mpaka 9 katika vyumba tisa, kila mstari utoe 15, uwe wa wima, wa mlalo au wa mshazari. Wengi huanza kwa kuweka 1 kwenye kona, wakakwama. Waache wakwame kidogo, kisha waulize kona inaguswa na mistari mingapi. Mitatu. Basi 1 ikikaa pale inadai jozi tatu za kutoa 14. Zipo 5 na 9, zipo 6 na 8. Ya tatu haipo. Jaribu 3, 7 na 9: kila moja inapata jozi mbili tu. Namba shufwa, yaani 2, 4, 6 na 8, zinapata tatu tatu, kwa hiyo kona ni zao. 5 peke yake ina jozi nne, nayo inashika katikati.

Hapo mtoto, bila aljebra yoyote, amethibitisha kwamba jambo haliwezekani: si kwamba yeye kashindwa, bali hata mwalimu wake hataweza. Exetat, kwa maswali yake ya kuchagua jibu, haimdai uthibitisho huo. Kwangu mimi hiyo ndiyo sababu ya kuufundisha darasani, kwa kuwa asipoupata huko sioni ataupata wapi.

Wala hesabu hizi si ngeni kwetu. Ishango, hapa hapa Kivu Kaskazini, mto Semliki unapotoka Ziwa Edward, mwanajiolojia Mbelgiji Jean de Heinzelin alichimbua mwaka 1950 mfupa wenye mikato, wa miaka kama 20,000. Safu yake moja ina 11, 13, 17, 19. Nyingine 11, 21, 19, 9. Zote ni witiri, na kila safu inatoa 60. Aliyechonga alikusudia nini, wataalamu bado wanabishana. Lakini muulize mwanafunzi kama namba nne za witiri zinaweza kutoa 61, na umdai sababu.

Kwa wanaokaribia Exetat, wiki za mwisho ziende kwenye mazoezi ya mtihani; hapo wazazi wasibishiwe. Darasa la saba na la nane wapewe walau saa moja kwa mwezi, na mwalimu asitoe jibu kabla mtu hajaweka 1 kwenye kona.