Kaburi la Qin Shi Huang: lifunguliwe au liachwe?

Machi 1974, wakulima waliokuwa wakichimba kisima karibu na mji wa Xi'an, kaskazini magharibi mwa China, walitafuta maji wakapata vipande vya sanamu ya mtu. Kilichofuata kinajulikana: jeshi la udongo wa kuchoma linalokadiriwa kuwa na askari 8,000, sura zao hazifanani, wamepangwa kivita wakitazama mashariki. Lisilosemwa sana ni kwamba hao ni walinzi wa nje tu. Qin Shi Huang mwenyewe, kaizari wa kwanza wa China, aliyeziunganisha falme za nchi hiyo mwaka 221 KK na kufa mwaka 210 KK, amelala kilomita moja na nusu hivi kutoka hapo, chini ya kilima ambacho hakuna mwanaakiolojia aliyewahi kukichimba hadi kwenye chumba cha maiti. Nusu karne imepita. Walinzi tumewaona, mwenye nyumba bado.

Na si kwamba hakuna cha kutamani. Sima Qian, mwanahistoria aliyeandika miaka mia moja hivi baada ya kaizari huyo, anasimulia mito ya zebaki inayotiririka kwa mitambo, dari yenye nyota, pinde zilizotegwa kumfuma mwizi, na mafundi waliofungiwa humo humo wasitoe siri. Ungeweza kusema ni hadithi za jioni. Lakini wanasayansi walipopima udongo wa kilima hicho miaka ya 1980, walikuta zebaki nyingi kupita kawaida. Mzee hakuwa anabuni kila kitu.

Hoja nzito ya wanaotaka kaburi lifunguliwe haihusu hazina, inahusu haki ya marehemu. Qin Shi Huang tunayemjua, mkatili aliyechoma vitabu, tumesimuliwa zaidi na watu wa enzi ya Han, akiwemo Sima Qian, yaani enzi ya ukoo uliotwaa nchi baada ya ukoo wake kuanguka. Mshindi akimwandika aliyeshindwa, kalamu haina huruma.

Kaburi moja dogo lilishaonyesha jinsi simulizi hiyo inavyoweza kutikisika. Mwaka 1975, huko Shuihudi katika jimbo la Hubei, lilipatikana kaburi la karani wa serikali ya Qin aliyeitwa Xi, aliyezikwa na vipande zaidi ya 1,100 vya mianzi vilivyoandikwa sheria na kanuni za kazi. Sima Qian anaeleza kwamba uasi wa mwaka 209 KK, uliofungua mlango wa kuanguka kwa Qin, ulianza pale watu 900 walioandikishwa kwa lazima walipozuiwa njiani na mvua: wangechelewa, na adhabu ya kuchelewa ilikuwa kifo, basi bora kuasi. Sasa soma mianzi ya Xi. Ukichelewa siku tatu hadi tano kwenye kazi ya serikali, unakaripiwa. Siku sita hadi kumi, faini ya ngao moja. Zaidi ya hapo, faini ya deraya, vazi la vita. Na mvua ikinyesha, wito unafutwa! Wapo wanaojibu kwamba wale 900 walikuwa wakienda kulinda mpaka, na sheria ya jeshini ilikuwa nyingine. Inawezekana. Lakini kama karani wa wilaya alizikwa na maandishi ya kuzua mjadala huu, kaburi la bwana wake lina nini?

Upande huo una hoja ya pili: kuacha si sawa na kuhifadhi. Mwaka 1556 tetemeko lililoua watu wanaokadiriwa kufikia 830,000 lilipiga Shaanxi, jimbo lenye kaburi hili la kaizari. Na vipimo vya hewa vilivyochapishwa mwaka 2020 vinaashiria kwamba zebaki inavuja taratibu kupitia nyufa. Kaburi halikutusubiri likiwa limeganda.

Wanaopinga wana jibu la kemia na jibu la historia. La kemia ni rangi. Askari wale hawakuzikwa wakiwa na rangi ya vumbi, walipakwa nyekundu, kijani, hata zambarau, juu ya utomvu wa mti. Wakitolewa kwenye unyevu wa ardhini, utomvu ule hujikunja na kubanduka ndani ya dakika chache, na rangi inaondoka nao. Wengi tunaowaona leo wamebaki na rangi ya udongo, na wapo waliopoteza rangi zao mikononi mwetu, ingawa waliowachimba hawakuwa na namna ya kujua.

La historia ni Dingling, kaburi la kaizari Wanli wa enzi ya Ming karibu na Beijing, lililofunguliwa miaka ya 1956 na 1957. Hariri nyingi ziliharibika baada ya kukutana na hewa na utunzaji duni. Kisha mwaka 1966, wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni, vurugu za kisiasa za China chini ya Mao, vijana wafuasi wake walioitwa Walinzi Wekundu waliiburuta nje mifupa ya Wanli na ya wake zake wawili, wakaichoma moto. Tangu funzo hilo serikali haichimbi makaburi ya makaizari kwa hiari.

Hapo ndipo naona mjadala unapokwepa jambo. Jibu la kawaida ni "tusubiri teknolojia". Lakini mifupa ya Wanli haikuteketezwa na hewa, na hakuna dawa ya maabara inayozuia umati. Hatari ya kaburi lililofunguliwa inaendelea miaka mingi baada ya mlango kufunguka, chini ya serikali na watu ambao wachimbaji hawatawachagua.

Pia teknolojia hailetwi na kusubiri. Njia ya kuzuia rangi za askari zisibanduke ilipatikana kwa sababu kulikuwa na askari wa kufanyia majaribio, Wachina wakishirikiana na wataalamu wa Ujerumani. Kwa hiyo mimi niko upande wa kuliacha limefungwa, ila si kwa kukaa tu. Waliotolewa mashimoni hawajafika hata nusu ya jeshi lile. Fedha na vijana wenye maarifa waelekezwe huko kwanza, ambako maelfu bado wamo ardhini, na baadhi yao pengine rangi zao zingali usoni.